Ajali Ina Kinga: Usalama wa Pikipiki kwa Watu wa Rika Zote katika Bukoba na Muleba

Msemo "ajali haina kinga" husikika mara nyingi kando ya vitanda vya majeruhi. Husemwa kwa nia njema, ili kumfariji mgonjwa na kumpunguzia dereva lawama. Hata hivyo, kwa upande wa sayansi ya afya, msemo huo hauna ukweli mwingi. Majeraha ya pikipiki yana visababishi vinavyojulikana, yana watu wanaoyapata zaidi kuliko wengine, na yana njia za kuyazuia ambazo zimepimwa kama zinavyopimwa dawa na chanjo.

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inaeleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Katika wilaya za Bukoba na Muleba, ambako pikipiki ndiyo gari la shule, la soko, la kliniki na la mazishi, habari hiyo inamgusa kila mtu. Mara nyingi elimu ya usalama huelekezwa kwa dereva peke yake. Lakini usalama wa safari moja ya pikipiki huamuliwa na watu wengi: abiria anayepanda, mzazi anayemkabidhi mtoto, mmiliki anayedai hesabu ya siku, mpita njia anayefika wa kwanza penye ajali, na mhudumu wa zahanati anayempokea majeruhi. Makala haya yanaeleza wajibu wa kila mmoja wao, na sababu za kitabibu zilizo nyuma ya kila ushauri.

Barabara, mvua na mizigo

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, mjini Busia, ambako waendesha baiskeli waliwavusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Leo baiskeli zimeachia pikipiki nafasi, na mwendo umeongezeka mara kadhaa huku mwili wa binadamu ukibaki ule ule.

Mazingira ya Kagera yanaongeza hatari zake. Mji wa Bukoba hupata mvua ya takribani milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kinachozidi maeneo mengi ya Tanzania. Barabara kuu ya lami inayotoka Bukoba kupitia Kemondo na Muhutwe hadi Muleba, na kuendelea Biharamulo, hupitisha mabasi na malori ya masafa marefu, na pikipiki hutumia njia hiyo hiyo. Ukiiacha barabara kuu, njia za kwenda vijijini hupanda na kushuka vilima, nyingi zikiwa za udongo mwekundu. Udongo huo ukilowa huteleza kama sabuni. Hata kwenye lami, dakika za mwanzo za mvua ndizo za hatari zaidi, kwa kuwa maji huchanganyika na mafuta na vumbi vilivyokuwa barabarani kabla hayajaoshwa.

Mizigo nayo ina madhara yake. Mikungu ya ndizi ikifungwa nyuma na pembeni hupandisha kitovu cha uzito na kuvuta pikipiki nyuma, hata gurudumu la mbele likapoteza mshiko wake. Breki ya mbele ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki. Gurudumu hilo likiwa jepesi, dereva hukanyaga breki ya nyuma kwa nguvu, nayo humfanya aserereke. Tairi lenye kipara na cheni iliyolegea humalizia kilichobaki.

Ni nini hutokea mwilini

Pikipiki inapogonga kitu na kusimama ghafla, mtu aliye juu yake hasimami. Huendelea mbele kwa mwendo ule ule hadi mwili wake ukutane na kitu kingine. Kugonga kitu kigumu kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha takribani mita 10, yaani juu ya jengo la ghorofa tatu. Hakuna mtu anayeweza kujizuia kwa mikono katika anguko la namna hiyo.

Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaohitajika kwa breki kusimamisha pikipiki huongezeka mara nne. Juu ya hapo huongezwa umbali unaopita kabla dereva hajakanyaga breki. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja tu ya kushtuka ni sawa na mita 17 za barabara. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ongezeko la asilimia 1 ya mwendo wa wastani huongeza uwezekano wa ajali yenye kifo kwa takribani asilimia 4.

Sehemu zinazoumia zaidi ni kichwa na miguu. Ubongo ukitikiswa ndani ya fuvu hupata jeraha la kwanza papo hapo, na hilo hakuna daktari anayeweza kulifuta. Linalofuata ni jeraha la pili, linalotokana na kukosa hewa ya oksijeni, kushuka kwa shinikizo la damu, kuvuja kwa damu ndani ya fuvu na uvimbe. Jeraha hili la pili hukua kwa dakika na saa, na linaweza kuzuiliwa. Upande wa miguu, mfupa wa muundi umefunikwa na ngozi nyembamba kwa mbele, kwa hiyo ukivunjika hutoboa ngozi kwa urahisi na kuruhusu udongo wa barabarani kuingia. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu mzima anaweza kupoteza damu ya lita moja na nusu ndani ya misuli bila hata tone moja kuonekana nje.

Kofia ngumu na visingizio vyake

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 na mtandao wa Cochrane yalionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza uwezekano wa kifo kwa takribani asilimia 42 na uwezekano wa kuumia kichwa kwa takribani asilimia 69. Ni dawa chache zinazotoa faida kubwa kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo. Sheria ya Tanzania inamtaka dereva na abiria wake wote wawili waivae.

Kofia hufanya kazi kwa tabaka mbili. Gamba la nje huzuia kutobolewa na husambaza nguvu ya kishindo. Povu gumu la ndani hubonyea na kumeza nguvu hiyo ili isifike kwenye ubongo. Povu likishabonyea halirudi. Kofia iliyowahi kupata kishindo kikubwa imekwisha kazi, hata kama kwa nje inang'aa. Kofia ya ujenzi haina povu hilo na haifai barabarani. Na kofia isiyofungwa mkanda hupaa kabla kichwa hakijafika chini. Mkanda unatakiwa ukaze kiasi cha kupitisha vidole viwili tu kati yake na kidevu.

Abiria wengi huikataa kofia ya dereva kwa sababu ya jasho, harufu, hofu ya mapunye au kuharibika kwa mtindo wa nywele. Sababu hizi si za kudharauliwa, na zina dawa nyepesi. Kitambaa chepesi au kofia laini ya kitambaa huvaliwa kichwani kabla ya kofia ngumu, kila abiria akiwa na chake. Dereva naye aifute kofia kwa ndani na kuianika juani. Kwa mtu anayepanda pikipiki kila siku, kununua kofia yake mwenyewe ni busara zaidi.

Kila umri na hatari yake

Watoto. Kichwa cha mtoto ni kikubwa na kizito kikilinganishwa na mwili wake, na shingo yake bado ni dhaifu. Akirushwa, hutangulia kichwa. Mtoto anayeketishwa mbele juu ya tangi hugeuka kuwa mto wa dereva: pikipiki ikigonga, mwili wa mtu mzima humkandamiza kwenye usukani. Anayebebwa mgongoni kwa mbeleko hana kofia, na mama akianguka chali yeye ndiye anayefika chini kwanza. Anayewekwa katikati ya watu wazima hukosa pa kushika, na miguu yake inayoning'inia hunaswa na spoki za gurudumu au kuungua kwenye bomba la moshi. Kanuni iliyo rahisi kukumbukwa ni hii: mtoto ambaye nyayo zake hazifiki kwenye vyuma vya kukanyagia, au ambaye hawezi kumshika dereva kwa mikono miwili kwa safari nzima, bado hajafikia kupanda pikipiki. Aliyefikia apande peke yake nyuma ya dereva, akiwa na kofia inayomkaa.

Wazazi wanaoafikiana na dereva kuwapeleka watoto shuleni wana nguvu ya kudai masharti. Wanafunzi watatu au wanne kwenye pikipiki moja, desturi inayoitwa mishikaki, hupunguza nauli ya kila mzazi kwa shilingi chache, lakini huongeza majeruhi katika ajali moja. Wazazi wa jirani wanaweza kukubaliana safari mbili badala ya moja, na kumwondolea dereva shinikizo la kuwahi kwa kuwaandaa watoto mapema.

Vijana. Dereva wa bodaboda kwa kawaida ni kijana, na mara nyingi amefundishwa na rafiki yake kwa siku chache. Kuondoa pikipiki na kubadili gia si elimu ya usalama. Elimu hiyo ni kusoma barabara: kutambua mahali panapoteleza, kukadiria mwendo wa lori linalokuja, kukaa mbali na upande asiouona dereva wa basi, kutumia breki zote mbili kwa pamoja bila kuzikaba ghafla, na kuwasha taa hata mchana. Mafunzo rasmi na leseni vina gharama, lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko ya chuma kimoja cha kuunga mfupa wa paja.

Uchovu na pombe vinahitaji kutajwa bila kuficha. Kijana anayeendesha pikipiki ya mkataba au anayetakiwa kupeleka hesabu kwa mmiliki kila jioni hulazimika kufanya kazi toka alfajiri hadi usiku. Mtu mwenye usingizi huchelewa kutambua hatari kama mlevi. Mmiliki anayepanga hesabu isiyofikika kwa mwendo wa salama anashiriki katika ajali hata kama hakuwapo. Kuhusu kilevi, sheria imeweka kikomo cha miligramu 80 za alkoholi katika mililita 100 za damu, lakini uamuzi na wepesi wa mtu huanza kupungua kabla ya kufika hapo. Rubisi, kwa kuwa hutengenezwa nyumbani kwa ndizi, haina kiwango kilichoandikwa kwenye chupa. Anayekunywa hawezi kujua amekunywa alkoholi kiasi gani. Kanuni salama kwa dereva ni kutokunywa kabisa siku ya kazi.

Wajawazito. Kuanguka kunakoonekana kudogo kunaweza kufanya kondo la nyuma libanduke kutoka kwenye mji wa mimba, na mtoto akafa tumboni huku mama akiwa hana jeraha la nje. Mjamzito aliyevuka wiki 20 ambaye ameanguka au kugongwa tumbo aende kituo cha afya siku hiyo hiyo na aangaliwe kwa saa zisizopungua nne, hata kama anajisikia vizuri. Maumivu ya tumbo, tumbo kukaza, kutokwa damu au maji, na mtoto kupunguza kucheza ni dalili za hatari. Kwa dharura za uzazi, mfumo wa m-mama hutoa usafiri kwa kupiga simu ya bure namba 115. Mama mwenye uchungu au anayevuja damu hapaswi kuwekwa juu ya pikipiki ikiwa usafiri huo unaweza kupatikana.

Kukaa upande ni desturi ya wanawake wengi waliovaa kitenge au sketi. Abiria aliyekaa hivyo hana mshiko wa magoti, na uzito wake huvuta pikipiki upande mmoja. Kwenye kona au shimo huteleza na kuanguka kinyumenyume. Kuvaa suruali ndani ya kitenge humwezesha kukaa akitazama mbele kwa staha. Ncha za kanga, mtandio au mbeleko zifungwe zisifike kwenye cheni wala gurudumu.

Wazee na wagonjwa. Mifupa ya mzee huvunjika kwa nguvu ndogo, hasa kiungo cha nyonga. Ubongo wake umesinyaa kidogo, hivyo mishipa midogo ya damu iliyonyooka kati ya ubongo na fuvu hukatika kwa urahisi. Damu inaweza kuvuja taratibu kwa siku au majuma, na familia ikadhani mzee ameanza kusahau kwa sababu ya umri. Mzee aliyeanguka akaanza kuchanganyikiwa, kuumwa kichwa au kulegea upande mmoja achunguzwe, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mgonjwa mwenye kizunguzungu, kifafa kisichodhibitiwa au homa kali hawezi kujishikilia. Kumfunga kwa kanga kwenye mwili wa dereva hakumlindi, bali humfanya dereva naye aanguke pamoja naye.

Dakika za kwanza

Anayefika wa kwanza penye ajali kwa kawaida ni dereva mwenzake au mwanakijiji. Jambo la kwanza ni kuhakikisha hakuna ajali ya pili: pikipiki izimwe, na mtu asimame mbali kidogo kila upande kuzuia magari. Polisi wapigiwe kwa namba 112.

Majeruhi asiyeitika, au anayelalamika maumivu ya shingo au mgongo, asiinuliwe wala kuketishwa. Kama anapumua vizuri, kofia iachwe ilivyo hadi afike mhudumu. Kama anatapika, anakoroma au hapumui, uhai ni mkubwa kuliko hofu ya shingo: ageuzwe ubavu kwa pamoja, kichwa, shingo na kiwiliwili vikienda kama gogo moja, ili matapishi na damu vitoke. Ikiwa kofia inaziba njia ya hewa, mtu mmoja ashikilie kichwa na taya visitikisike huku mwingine akifungua mkanda na kuitoa taratibu.

Damu inayotoka ikandamizwe moja kwa moja kwa kitambaa safi na mkono, bila kufunua kila mara kutazama. Damu ya mguu au mkono inayoruka na kukataa kukoma hata ikikandamizwa ifungwe kwa kitambaa kipana juu ya jeraha, na muda wa kufunga uandikwe. Udongo, unga wa kahawa, sukari na petroli havina nafasi kwenye jeraha. Vyote huingiza uchafu au kuunguza nyama. Majeruhi asipewe maji wala chakula, kwa kuwa anaweza kuhitaji upasuaji. Aliyeungua kwa bomba la moshi amwagiliwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia huhifadhi joto na kumchelewesha mhudumu kuona kina cha jeraha.

Kosa linalogharimu sana ni kumbeba majeruhi katikati ya watu wawili juu ya pikipiki nyingine. Mgongo uliovunjika lakini mishipa yake ya fahamu ikiwa bado mizima unaweza kupooza njiani. Ubao, mlango au machela na gari lolote lenye nafasi ya kumlaza ni bora, hata kama litachelewa kwa dakika kadhaa.

Katika zahanati na kituo cha afya

Mhudumu wa zahanati ya kijijini anaweza kudhani kwamba kazi yake ni kuandika rufaa tu. La hasha: jeraha la pili la ubongo huzuiliwa au huachwa likue katika nusu saa hiyo hiyo. Utaratibu ni ule ule kwa kila majeruhi: njia ya hewa pamoja na kuilinda shingo, upumuaji, mzunguko wa damu, kiwango cha fahamu, na kumfunua mgonjwa kumkagua mbele na nyuma bila kumwacha apigwe na baridi. Tiba ya kuokoa maisha hutangulia karatasi. Fomu ya polisi PF3 inaweza kushughulikiwa na ndugu wakati mgonjwa anahudumiwa.

Kwa jeraha la kichwa, oksijeni katika damu isishuke chini ya asilimia 90, na shinikizo la juu la damu la mtu mzima lisiachwe chini ya 110. Tukio moja la shinikizo kushuka sana linaweza kuongeza maradufu uwezekano wa kifo kwa mwenye jeraha kubwa la ubongo. Fahamu zipimwe kwa kipimo cha Glasgow, kilichoelezwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, chenye alama 3 hadi 15, na zipimwe tena kila baada ya muda. Alama moja haina maana kubwa; mwelekeo wa alama ndio unaosema. Mgonjwa aliyefika akiwa na 14 na baada ya saa moja ana 11 anavuja damu ndani ya fuvu hadi ithibitishwe vinginevyo, hata kama alikuwa akizungumza vizuri alipoingia. Mwenye 8 au chini yake hawezi kulinda njia yake ya hewa.

Nyonga inayodhaniwa kuvunjika ifungwe kwa kanga au shuka kwa kuzunguka mifupa inayochomoza juu ya mapaja, si kiunoni. Mfupa uliovunjika ufungwe banzi baada ya kukagua mapigo ya damu, na mapigo yakaguliwe tena baada ya kufunga. Mfupa uliotoboa ngozi unahitaji kuoshwa uchafu unaoonekana, kufunikwa, antibiotiki ya mshipa mapema iwezekanavyo, na kinga ya pepopunda. Kwa mtu mzima anayevuja damu nyingi, asidi ya traneksamiki, gramu 1 kwa dakika 10 ikifuatwa na gramu 1 kwa saa 8, huokoa maisha ikianza ndani ya saa tatu tangu kuumia. Baada ya hapo inaweza kudhuru.

Wilaya ya Muleba ina hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo, na mjini Bukoba ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Kagera. Mgonjwa anayehitaji huduma ya kibingwa zaidi hupelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, safari ya saa nyingi kwa gari. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa kungoja kivuko, lakini halijaondoa umbali. Kwa hiyo kabla ya gari kuondoka, damu iwe imekomeshwa, banzi limefungwa, sindano ya maji imewekwa, na simu imepigwa hospitali inayopokea. Barua ya rufaa iandike saa ya ajali, alama za fahamu pamoja na saa zilizopimwa, dawa alizopewa, na kama alikuwa amevaa kofia.

Baada ya kutoka hospitali

Mgonjwa aliyepigwa kichwa na kuruhusiwa asibaki peke yake kwa saa 24 za kwanza. Ndugu wamrudishe mara moja akitapika mara kwa mara, akiumwa kichwa kunakozidi, akiwa na usingizi usio wa kawaida, akitokwa na maji safi au damu puani au masikioni, akipata degedege, au mboni ya jicho moja ikipanuka. Aliyefungwa plasta arudi upesi maumivu yakizidi badala ya kupungua, vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, au kunyoosha vidole kukileta maumivu makali. Hizo ni dalili kwamba damu haifiki kwenye misuli, na saa chache zinatosha kuupoteza mguu. Kwa sababu hiyo, kuhamia kwa mganga wa kuunga mifupa anayekaza vijiti kwa nguvu kumewagharimu watu viungo ambavyo vingepona. Familia inayofikiria hivyo kwa sababu ya gharama iseme wazi kwa wahudumu. Kila hospitali ya umma ina ofisi ya ustawi wa jamii. Majeruhi pia aulize polisi kuhusu bima ya pikipiki iliyohusika, kwa kuwa bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria.

Kitanda cha hospitali ni mahali pazuri pa kufundishia. Kijana aliyevunjika mguu na mama yake aliyekaa kando yake husikiliza kuliko wakati mwingine wowote. Mhudumu anayetumia dakika tano kabla ya kumruhusu mgonjwa, akiuliza ajali ilitokeaje, kofia ilikuwa wapi na safari ijayo itakuwaje, anafanya kazi ya kinga ambayo mabango ya barabarani hayawezi. Majibu yakiandikwa katika rejista, kituo kitajua kona gani, saa gani na msimu gani huleta majeruhi wake, na kitakuwa na hoja ya kupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa viongozi wa kijiwe.

Kwa muhtasari, kabla ya kupanda pikipiki yoyote kuna maswali manne ya kujiuliza. Je, dereva ni mzima, hana pombe wala usingizi? Je, breki, tairi na taa ziko sawa? Je, kila aliyepanda amevaa kofia iliyofungwa? Je, ni mtu mmoja tu nyuma ya dereva, naye nyayo zake zimefika pa kukanyagia? Jibu la "hapana" kwa swali lolote ni sababu ya kutosha ya kungoja pikipiki nyingine. Bibi anayekwenda kliniki, mzazi anayempeleka mtoto shule na mfanyabiashara wa ndizi wote wana haki ya kumwambia dereva "punguza mwendo" au "nishushe hapa", na dereva mwenye busara hachukizwi na maneno hayo.